Sarafu Alizorudisha Salkyn

Salkyn husoma mita za umeme katika vijiji vitatu vya bonde letu, upande wa juu wa mto Naryn, nchini Kirgizistani. Hutembea na tochi, kitambaa cha kufutia barafu kwenye vioo vya mita, na fimbo ya kufukuzia mbwa. Kila nyumba hukaribishwa chai, naye hunywa nusu kikombe akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu akikaa siku haimtoshi. Ana miaka arobaini na sita. Ni mrefu, si msemaji, na hakujaliwa mtoto.

Mumewe, Karypbek, aliondoka kwenda Urusi kama wanavyoondoka wanaume wengi wa huku. Kwanza alijenga nyumba za watu. Kisha dalali mmoja akamtafutia kazi nje ya Irkutsk, kwenye ghala lenye mashine za kuchimba sarafu za mtandaoni. Kule umeme ni rahisi. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kati ya safu za mashine, kupuliza vumbi na kubadilisha feni zilizokufa.

"Nachunga," alimwambia Salkyn kwenye simu. "Ila kondoo wangu hawali nyasi, wanakula umeme."

"Basi wakitaka mtu wa kuwasomea mita, niite."

Walicheka wote wawili. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza.

Alipokuja likizo alimwekea pochi ya sarafu kwenye simu, kwa kuwa benki zilikuwa zimeanza usumbufu na pesa ilichelewa njiani. Alimweleza kwamba pochi hiyo haina ofisi wala karani, ina maneno kumi na mawili tu. Atakayeyapoteza maneno hayo amepoteza kila kitu. Salkyn aliyakariri kwa mpangilio, kama watoto wetu wanavyokaririshwa majina ya mababu saba, kisha karatasi akaitia jikoni ikaungua. Karypbek akamsifu. Jioni hiyo alimsimulia pia juu ya kundi la mtandaoni liitwalo Jailoo, yaani malisho ya kiangazi, wanakokutana Wakirgizi wa sarafu kutoka kila nchi. Kila Alhamisi wanafungua chumba cha sauti. "Nikiwa peke yangu kule, hao ndio watu wangu," alisema. Salkyn hakuuliza zaidi. Neno "watu wangu" lilimchoma kidogo.

Mwaka uliofuata, kuzungumza naye kukawa kazi. Kila sentensi aliomba irudiwe, na nyuma yake mashine zilivuma kama mto wakati wa mafuriko. Salkyn akimwambia ng'ombe amezaa, yeye anajibu habari za paa. Vuli moja Salkyn alimwambia mara tatu kwamba mama yake mwenyewe amelazwa hospitali ya wilaya. Karypbek akauliza kama theluji imeanza kuanguka. Salkyn alikata simu, akakaa, kisha akamwandikia ujumbe: "Usinipigie tena mpaka utakapokuwa tayari kunisikiliza."

Hakupiga tena. Salkyn alikaza moyo mwezi mmoja, kisha akapiga yeye, akakuta namba imefungwa. Wageni wengi kule walifungiwa namba mwaka ule. Dalali naye hakupokea.

Sarafu, hata hivyo, ziliendelea kuja. Kila mwanzo wa mwezi simu ililia, na kwenye pochi zikaonekana dola za mtandaoni zimeingia kutoka kwenye anwani ndefu ya herufi na tarakimu, bila jina, bila neno. Salkyn alizibadilisha Naryn mjini kuwa som, pesa ya kwetu, akanunua makaa na unga.

"Pesa inakuja, mume haji," alisema jirani yake Tazagul, wakichambua sufu uani. "Wenzako tunaomba Mungu atujalie hivyohivyo. Mimi wangu yupo hapa siku zote, na pesa haiji."

"Nyamaza, Tazagul."

"Atakuwa ameoa Mrusi. Ndiyo maana anatuma bila kuchelewa. Mwanaume mwenye kosa halipi kwa kuchelewa."

Salkyn aliendelea kutoa miiba kwenye sufu. Alikuwa na siri moja, nayo ilimtuliza.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Akikuletea nyama, unamrudishia na boorsok, maandazi yetu madogo, au sukari, au hata tufaha moja. Sahani ikirudi tupu ni kama umeufunga mlango. Salkyn alikuwa amegundua kwamba akigusa mstari wa pesa iliyoingia, anwani ya mtumaji inatokea, na mtu anaweza kuinakili na kurudisha chochote kwenye anwani hiyo. Basi kila mwezi alirudisha kidogo, dola moja, wakati mwingine mbili. Hakuwa na namna ya kuandika neno, ila aliamini sarafu yenyewe ni neno. Ilisema: sahani yako nimeipata, mlango uko wazi.

Mara ya kwanza alikaa na simu mapajani hadi chai ikapoa. Mwezi uliofuata fungu lililokuja lilizidi la nyuma kwa dola chache. Akaona amejibiwa, na wiki ile nzima watu wa vijiji vitatu waliona msoma mita akikaa chini na kumaliza kikombe. Mwezi wa baadaye fungu likapungua. Akajiuliza amemkosea nini. Akaishi hivyo mwaka mzima na zaidi, akisoma fungu kama mtu anavyousoma uso.

Mwishowe alichoka kusema kwa sarafu. Alitaka kujua kama inawezekana kubandika hata neno moja juu yake. Hakukuwa na wa kumuuliza bondeni, akakumbuka Jailoo.

Alijiunga kwa jina la Mita. Hakuna anayetumia jina lake kule. Wiki za kwanza alisoma tu, akajifunza lugha yao, ambayo kwa kweli ni lugha ya wafugaji. Bei ikianguka vibaya wanasema jut imekuja, kama ile baridi inayoua mifugo kwa wingi. Sarafu wanaziita mifugo. Mgeni akitaja anazo ngapi, wanamzomea, kwa sababu mchungaji mwenye akili hataji idadi ya kundi lake mbele za watu. Waliandikiana utani mchana kutwa, wengine wakiwa Seoul, wengine Moscow, wengine Bishkek kwenye foleni ya mkate. Salkyn alijikuta anawasoma akiwa kwenye nyua za watu, kioo cha mita mbele yake hakijafutwa. Alianza kuelewa kwa nini Karypbek aliwaita watu wake. Kila jina geni lililoandika kitu alilitazama mara mbili. Huenda ni yeye.

Alhamisi moja ya mwezi wa pili, baada ya kukamua, aliingia kwenye chumba cha sauti. Ilikuwa zamu ya wageni kuuliza. Mwenyeji alikuwa kijana aitwaye Kulan, anayeishi Seoul, na msaidizi wake mwanamke wa Karakol waliyemwita Kurut, mwenye sauti nene ya kucheka.

"Dada Mita, leo umefungua mdomo," alisema Kurut. "Tulidhani wewe ni mita kweli, unahesabu tu."

"Nina swali dogo," alisema Salkyn. "Nikimrudishia kidogo aliyenitumia, naweza kuandika na neno?"

"Kumrudishia?" aliuliza Kulan. "Dada, huku watu wanalia waongezewe. Wewe unarudisha?"

"Sahani hairudi tupu."

Kicheko kilipita chumbani. Mtu mmoja akauliza kama na yeye anaweza kumpelekea sahani.

"Acheni," alisema Kurut. "Nani anakutumia, dada?"

"Mwenye nyumba wangu. Yuko Irkutsk. Sauti yake sijaisikia mwaka wa pili huu."

Hawakucheka tena. Kulan akamwomba abandike anwani anayorudishia. Salkyn akaibandika. Kulan akaitafuta kwenye kompyuta yake.

"Dada Mita," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mdogo anayezungumza na dada yake. "Hii si anwani ya mtu. Ni ya soko la sarafu. Mumeo ananunua sokoni, halafu soko linakutumia kutoka kwenye sufuria lake kubwa, wanamopakulia watu laki na laki. Ukirudisha hapo, inaingia sufuriani. Hakuna anayejua imetoka kwako."

"Hata yeye?"

"Hata yeye. Hajaona kitu."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo, dada. Na ada ya kutumia huenda ilikuwa kubwa kuliko zawadi yenyewe."

"Kwa hiyo soko ndilo lililokula boorsok," alisema yule mtani, na Kurut akamfungia sauti.

Salkyn alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko. Dola hazikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba mwaka ule mzima alikuwa na mtu wa kuzungumza naye, na sasa hata huo mwaka ulikuwa umechukuliwa. Karypbek alikuwa ametuma sahani baada ya sahani, na zote zilirudi tupu.

"Dada, upo?" aliuliza Kurut.

"Nipo."

"Wachunga mashine wa Irkutsk wamejaa humu. Mwite. Anaitwa nani?"

Huku kwetu, kwa wanawake wa rika la Salkyn, jina la mume haliwekwi mdomoni. Miaka ishirini na mbili alikuwa amemwita "mwenye nyumba", au "mtu wetu", au alikohoa tu na yeye akageuka. Hata hospitalini, mama alipokuwa anaumwa na karani akauliza jina la mume, alimwomba Tazagul alitaje. Chumba kikamsubiri. Akafunika mdomo kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, kisha akakiachia.

"Karypbek," alisema. "Karypbek wa bonde la Naryn. Namba yako haipiti. Ule ujumbe niliandika kwa hasira, mama alikuwa anaumwa. Nimekuwa nakurudishia kila mwezi, kumbe hazikufiki. Mama alipona. Piga."

Majina yalikuwa yamejipanga kwenye kioo, mamia, kila moja na picha yake, na Salkyn alikuwa anayapitia moja moja mstari ulipojitokeza chini. Uliandikwa na mtu aitwaye Kufuli.

"Huwa yupo humu. Hasikii."

"Hasikii vipi?" aliuliza Kulan. "Amezima sauti?"

"Masikio. Mashine zimeyala. Vizibo waligawa mwaka wa kwanza tu. Anakaa humu kusoma tunayoandika. Tunalala bweni moja, sasa hivi kasinzia, ana zamu ya usiku. Shemeji, nitamwandikia neno kwa neno."

Salkyn alimshukuru, na alipomaliza kushukuru akagundua alikuwa hajawasha tena kitufe cha kusemea.

Simu ilikuja kesho yake mchana, akiwa kwenye ua wa mzee Mambet, mbwa akimbwekea. Ilikuwa simu ya picha. Karypbek alikuwa amekaa kwenye kitanda cha chuma, amekonda, nywele za pembeni zimekuwa nyeupe.

"Salkyn," alisema kwa sauti kubwa mno, na mbwa akanyamaza.

Salkyn akaanza kusema yote kwa pamoja. Karypbek akainua mkono.

"Polepole. Geukia kwenye mwanga. Nikutazame mdomo."

Aligeukia jua. Mzee Mambet akamshika mbwa kola, akaondoka naye nyuma ya zizi.

"Kwa nini hukuandika?" aliuliza Salkyn, neno moja moja.

"Uliniambia nisipige mpaka niweze kukusikiliza. Nikasema ningoje, labda yatafunguka." Alisugua sikio kwa kiganja. "Hayakufunguka. Nikaona basi, nitume tu. Nawe ukawa kimya. Nikasema, ana haki."

"Sikuwa kimya."

"Nimesoma. Kufuli kaniandikia." Alitaka kutabasamu, lakini uso ulikataa. Akaendelea kumtazama mdomo kwa makini, kama alivyokuwa zamani akitazama kwato la farasi kabla ya kulipiga msumari. "Jino la kushoto liko wapi?"

"Niling'oa. Kiangazi."

"Hukuniambia."

"Ungenisikia?"

Alilisoma hilo polepole, akalielewa, akainamisha kichwa. Salkyn alijuta. Akangoja mpaka macho ya mumewe yakarudi kwenye kioo. Upepo wa bonde ulikuwa mkali na machozi yalimtoka upande mmoja, upande wa upepo, naye akayaacha.

"Rudi," alisema. "Rudi nyumbani."

Karypbek alisogeza simu karibu, uso wake ukajaa kioo chote.

"Sema tena."

Neno lilikuwa fupi, na marefu kuliko hilo Karypbek alikuwa ameyasoma mdomoni bila kukosea. Salkyn alifuta kioo cha simu kwa kitambaa cha mita, akasimama vizuri juani, akalisema tena.