Siku Kasuku Aliponyamaza

Hakuna aliyemwita Jaglall Sookdeo kwa jina lake isipokuwa mama yake, na mama yake alishafariki. Kijiji kizima cha Namba Hamsini, huko Corentyne, kilimwita Kasuku, na mwenyewe aliitikia jina hilo hata mbele ya pandit aliyemfungisha ndoa siku ya harusi yake. Alikuwa kipa wa kriketi, mtu wa kuchuchumaa nyuma ya vijiti vitatu na kudaka kila mpira unaompita mpigaji, na tangu mpira wa kwanza mpaka jua linazama hakufunga mdomo. Aliwauliza wapigaji habari za wake zao. Aliwasifia viatu. "Babu, hiyo miguu umeazima kwa nani? Mbona haikusikilizi?" Wengi waliapa kumchapa, na wengine walijaribu.

Mrushaji wake alikuwa Orin Benfield, aliyekua pamoja naye. Orin hakutumia nguvu. Alikuwa mtu wa kuzungusha: mpira ulitoka mkononi taratibu, ukapanda, ukagusa ardhi, kisha ukakata kona kumkimbia mpigaji. Na mara mojamoja alirusha ule ambao wao wawili waliuita kinyume, uliotoka kwa mkono uleule na mwendo uleule, halafu ukakata upande wa pili. Hakuna aliyeutambua kabla haujamuumbua. Kasuku peke yake aliutambua, kwa kuwa alikuwa akimtazama Orin usoni, na aliona kitu ambacho hata Orin hakukijua: kwa kawaida hurusha mdomo wazi, ila akirusha kinyume huubana. Kasuku hakumwambia kamwe. Alijua akimwambia tu, Orin ataanza kuufikiria mdomo wake na kuusahau mpira.

Walikuwa na alama yao moja. Kasuku akiona mpigaji ameanza kujiamini, anatamani kutoka nje ya mstari wake aufuate mpira, alinyamaza. Basi. Ule mdomo usiokoma ukikoma, Orin alijua anaombwa kinyume. Mpigaji angetoka, angeukosa mpira, na kabla hajageuka kurudi, Kasuku ameshadaka na kuviangusha vijiti, na mpigaji ametolewa mchezoni. "Karibu tena, bwana mdogo," angemwambia akitoka. "Siku nyingine uje na shemeji."

Halafu wakaja wateuzi wa timu kutoka Georgetown. Walikaa kivulini, wakatuma neno kwamba huyo kipa arudi nyuma kidogo mipira isimponyoke, na aache kelele zake za sokoni. Kasuku aliwajibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Ninyi kaeni na kivuli chenu, niachieni mimi vijiti vyangu!" Hakurudi nyuma hata unyayo. Orin alichukuliwa kwenda kuichezea timu ya West Indies, Kasuku akaachwa. Wale wazee hawakumuuma sana, aliwazoea watu wa namna hiyo. Kilichomuuma ni kwamba Orin alikuwa amesimama palepale, akiufuta mpira kwenye suruali, na hakusema neno.

Kasuku akawa mtunza mlango wa maji. Bahari ikijaa anaufunga isije ikameza mashamba ya mpunga, ikipwa anaufungua mifereji ipumue. Na kila mechi ya Test, zile za siku tano, ilipochezwa kwenye uwanja wa Bourda huko Georgetown, alivuka mto kwa feri, akakaa mahali pake palepale kwenye uzio, na kumtukana Orin kutwa nzima. "Orin! Huo mpira umeurusha au umeuangusha?" Watu waligombea kukaa karibu naye. Orin hakuwahi kugeuka, ila mabega yake yalitikisika kwa kicheko.

Ndipo alipokuja Bwana Tolliver. Alikuwa msaidizi wa kocha wa timu ya wageni, waliotarajiwa kuanza kucheza Bourda wiki hiyo. Huko mjini alikuwa ameambiwa kwamba Corentyne kuna mtu anamchukia Benfield kufa.

"Nasikia alikutupa, Bwana Sookdeo," alisema akiwa ameketi barazani.

"Alinitupa kama ganda la ndizi."

"Na nasikia hakuna anayemsoma kama wewe." Akaweka chupa ya wiski mezani, na juu yake glavu mpya za kipa, nyeupe, bado zinanukia duka. "Wachezaji wangu wanataka kujua kitu kimoja tu. Ule mpira wake wa upande wa pili, wautambue vipi?"

Kasuku alizitazama zile glavu. Maisha yake yote hakuna aliyemletea glavu. Zake za zamani zilishonwa na mkewe, Dhanwanti, kwa uzi wa nyavu. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakapata moto, na safari hii haikuwa hasira ya Orin. Huyu mtu amevuka mto na kupita vijiji vyote vile kwa kuamini kwamba mtu akimlaani ndugu yake, basi ndugu huyo yuko sokoni! Kumtukana Orin ilikuwa haki ya Kasuku, aliipata kwa vidole vilivyovunjika. Haikuwa ya kugawia wapita njia.

"Kidole cha mwisho," alisema polepole. "Kile kidogo, mkono anaorushia. Kikisimama, ni kinyume. Kikilala, ni mpira wa kawaida."

"Una hakika?"

"Bwana, nimekitazama kidole hicho kuliko nilivyomtazama mke wangu."

Kidole hicho Orin alikibana kwenye mnyororo wa mlango wa maji walipokuwa wadogo, na tangu siku hiyo husimama kikitaka na kulala kikitaka. Hakijui habari yoyote ya kriketi. Tolliver alimshika mkono kwa furaha, akaondoka.

Lakini gari lake lilikuwa limeegeshwa mbele ya duka la pombe la Vieira, na Vieira ana macho. Kabla ya jioni kijiji kilishajua: Kasuku amemuuza Orin. Kasuku alitaka kucheka na kuwaeleza, kisha akakumbuka habari za Corentyne zinavyosafiri. Akimnong'oneza mtu mmoja tu kwamba amewadanganya wageni, wageni watazisikia kabla hawajanywa chai. Kwa hiyo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akanyamaza.

Asubuhi alipita kwa Anti Ismay, mama yake Orin, aliyekaanga folori, bagia za dengu, kando ya barabara. Karai lilikuwa limejaa.

"Anti, nifungie za moto."

"Hakuna."

"Na hizo?"

"Hizo za watu." Mama yule aliweka mwiko chini. "Umekula kwangu tangu una kamasi, Kasuku. Wewe na mwanangu sahani moja. Sema basi. Sema hukumuuza, nami nitakuamini papa hapa."

Kasuku alifungua mdomo. Aliona, mwisho wa barabara, watu wawili wamesimama na baiskeli wakitega masikio. Akaufunga.

"Haya," Anti Ismay alisema, na machozi yakamtoka mbele za watu. "Nenda zako."

Hiyo ilimchoma kuliko maneno yote ya Vieira, na Vieira hakumhurumia. "Wamekupa glavu tu?" alimpigia kelele kutoka mlangoni. "Yuda alidai zaidi, bwana!" Kasuku alipita zake. Alikwenda kwenye mlango wa maji, akazivaa zile glavu nyeupe, akaushika mnyororo uliojaa grisi na kuanza kuuzungusha. Kila maji yalipojaa na kupwa alizivaa tena, mchana kweupe, kila mtu amwone. Watu walisema anajivunia malipo yake. Waseme. Glavu zilikuwa nyeusi tititi kufikia siku ya mechi.

"Hata usingizini wewe huwa unaongea," Dhanwanti alimwambia alfajiri ya safari. "Sasa kimya. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi una lako jambo." Akamfungia roti na kari ya samaki wa mferejini, akaweka na glavu zile chafu kikapuni bila kuuliza.

Pale Bourda wageni ndio walioanza kupiga. Nahodha wao alikuwa mtu mrefu, mtulivu, na Kasuku aliona wazi anapotazama: mkono wa Orin, chini, kwenye kile kidole. Vizuri sana. Ila Orin hakurusha kinyume. Alirusha mpira wa kawaida, na wa kawaida tena, na nahodha akaanza kumchapa atakavyo.

Hapo Kasuku aliliona kosa lake. Alikuwa amefikiria kila kitu isipokuwa hiki: kwamba Orin naye ataamini. Anti Ismay ameshampelekea habari. Orin akiamini siri yake imeuzwa, atauficha kinyume mpaka mechi iishe, na hapo Kasuku atakuwa amemnyang'anya kweli, kwa mdomo wake mwenyewe.

"Kasuku, vipi?" watu walimcheka. "Leo hutukani?"

"Amelipwa afunge domo!"

Mtu mmoja alimrushia ganda la chungwa. Likampiga shingoni. Hakugeuka.

Baada ya mapumziko ya chai nahodha wa West Indies alimpeleka Orin kukinga mpira pembeni, hatua chache tu kutoka kwenye uzio, mbele ya Kasuku. Jukwaa likachemka. "Orin, huyo hapo mnafiki wako! Msalimie!"

Orin aligeuka. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo, aligeuka.

"Mama kaniambia," alisema. "Sikutaka kuamini. Kasuku, sema kitu. Nitukane basi."

Jukwaa zima lilitulia ili kumsikia. Kasuku alikuwa na maneno ya kujaza feri. Akamtazama Orin machoni, akaubana mdomo. Kisha, akiwa na magoti yake mabovu na nywele zenye mvi, akachuchumaa palepale nyuma ya uzio, viganja wazi mbele yake.

Watu walicheka wakadhani amerukwa na akili. Orin hakucheka. Aliutazama ule mdomo uliofungwa na vile viganja vilivyo wazi, mpaka nahodha wake akamwita kwa kumpigia makofi. Akapewa mpira.

Wa kwanza ulikuwa wa kawaida, ukachapwa. Akarudi, akaja tena kwa hatua zake zilezile fupi. Kutoka pale Kasuku hakuweza kuuona mdomo wa Orin, lakini angeapa umefungwa. Nahodha wa wageni alitazama kidole, akakiona kimelala, akatoka nje ya mstari wake kwa furaha ya mtu anayejua kila kitu. Mpira ukakata upande wa pili. Kipa wa West Indies naye hakuwa ameuelewa. Ulimgonga kifuani, ukarudi wenyewe na kuangusha vijiti. Mwamuzi akanyoosha kidole juu. Nahodha alibaki ameganda katikati ya uwanja akiutazama mkono wa Orin, kama aliyeibiwa sokoni.

Bourda ikalipuka. Wenzake walimkimbilia Orin, naye akawapita, akaja moja kwa moja kwenye uzio kana kwamba anafuata maji ya kunywa. Kasuku alikuwa bado amechuchumaa.

"Kutwa nzima nakunyamazia," alimwambia kwa sauti ya chini. "Umekuwa kiziwi?"

Orin alishika uzio. Macho yalikuwa yamemlowa na hakujaribu kuyaficha. "Siku ile ya wateuzi," alisema. "Ningesema, Kasuku. Ilinipasa niseme."

"Ndiyo. Ungesema." Kasuku alichomoa zile glavu nyeusi kikapuni, akampitishia juu ya uzio. "Mpe huyo kipa wako, adake kwa mikono, kifua akiache. Bwana Tolliver akiziona, mwambie zimefanya kazi."

"Umewaambia nini?"

Mpigaji mpya alikuwa ameshaanza kuingia uwanjani, macho yake tayari kwenye kile kidole. Watu jukwaani walikuwa wamesogea, wamesongamana kumzunguka Kasuku, na yule wa ganda la chungwa alikuwa akimwomba: "Ongea sasa, kaka! Tuambie!"

"Rudi ukarushe," Kasuku alimwambia Orin. "Wamebaki wengi."

Akafunga mdomo, akafungua viganja.