Rada Zisizoambiana

Mwalimu wangu wa fizikia amefariki. Nilipigiwa simu asubuhi, nikasema "Inna lillahi," kisha nikamalizia chai yangu. Msinishangae. Nilipanda basi la Nachingwea, nikazika, nikarudi, na mpaka leo sijalia. Nimekufa ganzi tu.

Mwalimu huyu alitufundisha rada kwa kisa cha Wajapani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wataalamu wao walikuwa hodari, alisema, ila jeshi la nchi kavu na jeshi la majini yalifichana. Kila moja na maabara yake, mafundi wake, vipuri visivyoingiliana. Tena wakubwa wengine waliona kurusha mawimbi ni kuwasha tochi gizani, unajitangaza kwa adui. "Haya, niambieni," aliuliza huku akipiga ubao kwa kiganja, "adui alikuwa Mmarekani au chumba cha pili?" Darasa zima: "Chumba cha pili!" Alicheka mpaka chaki ikamdondoka. Lakini mwenyewe alikuwa na mdogo wake kule Ruangwa, hawasemeshani kwa ajili ya mikorosho ya baba yao iliyoko Kiegei. Msimu ukifika, kila mmoja alipuliza salfa upande wake na kuondoka bila salamu. Nikimgusia, alijibu, "Hayo yaache, mwanangu."

Makaburini, mtani wake alizuia jeneza kama ilivyo desturi yetu. "Maiti hii haizikwi mpaka itueleze! Mwalimu wa rada, presha imekuja mchana kweupe, hukuiona?" Watu wakacheka. Mimi nilitazama udongo. Mdogo wake naye hakucheka. "Kwani kaka alikuwa na presha?" Akaambiwa ndiyo, ya muda mrefu, na dawa alikuwa anaziacha kila akijisikia vizuri. Akakaa chini palepale. "Mimi ilinilaza hospitali mwaka juzi. Daktari akaniambia hii ni ya ukoo, waambie ndugu zako wapime, na dawa wasiache hata wakijisikia wazima. Nikasema moyoni, yule si hatuongei?"

Wahenga walituambia ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime. Nasi sote tuliowajua tulilima, hatukuwaingilia. Jembe lile lile tumelitumia kumfukia. Basi msomaji wangu, kama una ndugu usiyemsemesha, mpigie leo. Mikorosho usiitaje kabisa. Muulize tu, presha yako inaendeleaje?