Dakika Hamsini za Kubadili Ndege

Mke wangu anakata tiketi za ndege, huu mwaka wa kumi na saba, na ubishi wake mimi ndiye ninayeujua. Mteja akiuliza safari ni ya muda gani, hamtajii zile saa zinazoonekana kwenye kompyuta tu. Anachukua kalamu, anajumlisha foleni ya mizigo, kukaguliwa, kusubiri, kubadili ndege. "Angani ni saa kumi na mbili, baba. Toka kwako mpaka unakofika ni ishirini na tisa. Jipange." Ofisini wanamwita Bi Jipange.

Na kuna kitu alikuwa hauzi kabisa: tiketi yenye dakika hamsini tu za kubadili ndege. Umbembeleze, umwite dada, umwite mama, hauzi. "Ya kwanza ikichelewa kidogo, ya pili inakuacha. Sitaki lawama za watu."

Mwaka jana binti yetu, anayeishi kilomita elfu tisa kutoka hapa, akapiga simu. Angejifungua kwa upasuaji Alhamisi asubuhi, mtoto wa kwanza, na mumewe yuko kazini melini. "Mama, naogopa," akasema. Yule binti hajawahi kuogopa kitu, kwa hiyo mama yake akakaa chini.

Njia zilikuwa mbili. Ile ya kusubiri ndege ya pili kwa saa ishirini ingemfikisha Alhamisi mchana, mambo yameshakwisha. Ile ya dakika hamsini ingemfikisha Jumatano jioni. Akaziangalia weee, mpaka chai ikapoa. Nami kwa kimbelembele changu nikaanza, "Lakini si wewe unayesema..."

"Hebu nyamaza."

Akajikatia ya dakika hamsini.

Ndege ya kwanza ilichelewa dakika ishirini. Alikimbia uwanja mzima, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mtandio umemkaba shingo, anaomba njia kwa watu wasiomwelewa. Alifika mlango unafungwa, wakamhurumia. Alhamisi alimshika mwanawe mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Mjukuu ni wa kike, mzima, na makelele ni ya bibi yake. Nilifurahi mpaka nikalia, sioni haya kusema.

Aliporudi nikadhani ubishi umekwisha. Wapi. Siku moja nimempelekea chakula ofisini, nikamkuta na fundi bomba wa mtaani kwetu. Anataka njia ileile, ya dakika hamsini.

"Sikuuzii," mke wangu akasema.

"Lakini shemeji, si wewe mwenyewe ulipita huko? Mtaa mzima unajua."

"Mimi nilikuwa nakwenda kwa mwanangu."

Fundi akainama, akawa anaigeuzageuza kofia yake mapajani. "Na mimi nakwenda kwa wangu," akasema. "Kesho kutwa wanamzika."

Mke wangu akaigeukia kompyuta. Akamkatia tiketi, akamtafutia kiti cha mbele kabisa. Kisha akachukua karatasi, akamchorea pa kukimbilia: ukishuka kushoto, panda ngazi, usisimame dukani, mlango ni wa mwisho kulia.