Seva Iliyokaguliwa Kama Ngamia

"Na hizo nyingine nne zitakaa wapi?"

Hooyo, mama yangu, aliniuliza hivyo sebuleni kwetu Garissa, mimi mwenye shahada ya kompyuta. Nilikuwa nimemweleza kwamba nataka kununua seva moja, kisha niigawe kwa programu iwe kama kompyuta tano.

"Ndani ya ile moja," nikajaribu.

"Zote?"

"Zote, Hooyo."

Akakipima chumba changu kwa macho. "Basi isizidi friji."

Zilibaki wiki tatu nifanyiwe usaili wa kazi katika ofisi moja mjini, na tangazo lilisema wazi: mwombaji atapewa mashine aigawe mbele yao. Chuoni niliifanya kazi hiyo kwenye karatasi tu. Bila kufanya mazoezi nyumbani, ningeikosa kazi mbele ya watu wanaomjua mama yangu. Akiba yangu ilitosha mashine moja ya mtumba. Nikikosea, basi.

Nilijiandaa kwa njia yangu ya kawaida, yaani kwa kutomwamini mtu. Mtandaoni mmoja alisema memori kwanza. Mwingine alisema prosesa kwanza. Wa tatu alisema hao wawili ni wajinga. Nikakata shauri kuamua mwenyewe. Ndipo Abti akavaa viatu.

Abti ni kaka wa mama, dalali wa ngamia. Mimi pia huniita abti, kama wajomba wa kwetu wanavyowaita wapwa wao. Katika ukoo wetu hakuna anayenunua kitu bila yeye, hata godoro.

Muuzaji wa kompyuta za mtumba tuliyemwendea mjini, mtu wa bara asiyejua desturi zetu, alikuwa na mashine mbili za kunifaa. Moja ilikuwa seva halisi ya ofisi, ndefu kama jeneza, prosesa mbili, nafasi kumi na sita za memori. Niliipenda papo hapo. Ya pili ilikuwa kompyuta ya mezani, ndogo kama sanduku la viatu, nafasi mbili tu.

Abti akaizunguka ile kubwa. "Huyu anakula nini?"

"Stima, mzee."

"Najua stima. Kiasi gani?"

Muuzaji akakohoa.

"Na mwenyewe alimuuza kwa nini?"

"Walinunua mpya."

"Wallahi, hiyo hata mimi nawaambia wateja," Abti akasema, akipitisha kidole kwenye matundu ya feni kana kwamba anatafuta kupe. "Washa."

Ikanguruma hadi vikombe vya chai vikatetemeka.

"Anapumua vibaya."

"Abti, hizo ni feni."

"Mnyama hatumnunui asubuhi, abti. Tunamngoja mchana, tumwone kwenye joto."

Nilitaka kumwambia kompyuta si ngamia. Kisha nikakikumbuka chumba changu saa nane mchana, chini ya mabati. Tukaziweka zote mbili kibarazani, nikazipa hesabu nzito za kufanya, tukakaa. Jua lilipokuwa utosini nikavuka barabara kununua sambusa.

Nilirudi nikakuta kimya. Muuzaji alikuwa ndani na mteja mwingine. Abti alikuwa peke yake karibu na ile kubwa, uso umejaa huzuni.

"Amekufa."

Muuzaji akatoka mbio, akabonyeza kitufe mara tatu, akaanza kula kiapo. "Usiape bure," Abti akamwambia. Ile ndogo ilikuwa moto kama birika, lakini bado inahesabu. Sikuhitaji ushahidi zaidi.

Abti akaushika mkono wa muuzaji chini ya shali, kama madalali wanavyopatana kwa vidole ili watu wasione.

"Mzee, mbona unanifinya?"

"Nakuambia bei."

Sijui walivyoelewana, ila tuliondoka na ile ndogo pamoja na memori zaidi, nafasi zote mbili zimejaa.

Nyumbani iliendesha kompyuta nne bila taabu. Ya tano ilikokota miguu. Ilitosha. Kwenye usaili niliigawa mashine mbele yao, na kazi nikapata. Kwa miaka mitatu niliwafundisha wenzangu ofisini wazijaribu mashine mchana wa jua kali, nikiwatajia ile iliyokufa kibarazani.

Kisha, kwenye harusi ya binamu yangu, Abti akawasimulia wazee siku ile. Ndipo nilipojua kwamba nilipokwenda kununua sambusa alipigiwa simu na mnunuzi wa ngamia kutoka Elwak, hakusikia neno kwa ule mngurumo, akaizima ile kubwa kwenye soketi.