Zisis Wawili, Medali Moja

Ukoo wa Dardas ulikuwa na ugonjwa mmoja: mtoto wa kiume wa kwanza lazima apewe jina la babu. Basi Thomas akapata Zisis, na ndugu yake Theodoros naye akapata Zisis. Vita ya Wagiriki kwa Wagiriki ilipowaka, wote wawili wakabebwa jeshini, upande wa serikali, kupigana na waasi. Zisis wa Thomas akapewa nyumbu. Zisis wa Theodoros akapewa kisu, amenye vitunguu jikoni.

Mwaka arobaini na tisa, mlimani Gramos, yule wa nyumbu alipanda mara tatu risasi zikinyesha, akashusha majeruhi watatu. Medali ikatoka. Karani, mvivu wa kutupwa, akaandika "Zisis Dardas wa Th." Basi. Unadhani ilimwangukia nani? Mmenya vitunguu!

Zisis wa nyumbu angecheka tu yakaisha. Ila mzee Kosmas, mwoka mikate, alishatangaza: "Binti yangu Anthula namwoza Zisis mwenye medali." Na huyo Anthula ndiye aliyemkosesha Zisis usingizi tangu kabla ya vita.

Jumapili baada ya misa, mkahawani, yule wa jikoni, ambaye kijiji kilimwita Kitunguu, kavimba kifua.

"Nikawashusha vijana wetu watatu, mmoja mmoja..."

"Wetu wawili, we mwongo!" Zisis wa nyumbu alipiga meza, glasi zikaruka. "Wa tatu alikuwa mwasi! Kijana wa mama Vaya wa hapa hapa kijijini! Nilimvika koti langu la jeshi wasimtambue, ananiambia, 'Usinidondoshe, Zisis, mama ataniua!'"

Siku zile maneno kama hayo yalimpeleka mtu kufungwa kisiwani.

"Kumbe ni wewe," mzee Kosmas akasema. "Mbona ulinyamaza?"

"Ningesemaje, mzee? Wangeniuliza wa tatu ni nani."

Kitunguu akaivua medali, jasho linamtoka. "Chukua, binamu. Nimechoka kudanganya. Jina si lilelile?"

"Kaa nayo! Mimi namtaka Anthula, sitaki bati!"

"We mbwa koko!" Kosmas akafoka. "Nilisema mwenye medali, na mimi neno langu silimezi. Vaa upesi!"

Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Hakuna aliyekwenda polisi. Nusu yao walikuwa na ndugu huko kwa waasi. Zisis akaibandika medali upande upande, pini ikamchoma, akatukana, akatoka mbio kwenda tanurini kwa Anthula kabla mzee hajageuza maneno.