Mwanamke wa Maji wa Nalasi

Kaka yangu Benno aligoma kuoa. Mchumba alikuwepo, mahari ilishatolewa, na mama pale kwetu Msamala, Songea, alishaanza kuandaa kimea cha pombe ya harusi. Lakini Benno alikuwa fundi wa helikopta za jeshi kule Nalasi wakati wa vita vya ng'ambo ya mto Ruvuma, na alishikilia kwamba ndoa haifungwi mpaka apatikane mwanamke aliyemwokoa huko. Jina lake hakulijua. Alijua tu kwamba alikuwa mmoja wa wanawake wa maji. Basi nikatumwa mimi, mdogo wake, kwa kuwa nina mdomo.

Songea niliondoka alfajiri juu ya lori la mitumba, jogoo wa shukrani mapajani. Serikali ilikuwa imefungulia watu binafsi biashara, na kila mwenye marobota mawili alikimbilia Tunduru kwenye fedha za korosho. Baada ya Namtumbo barabara ikawa mchanga mtupu. Tulishuka kusukuma mara nyingi hadi nikajiona nimelipia kibarua, si nauli.

Nalasi tulifika kesho yake mchana. Mwenyeji wangu, Bwana Rajabu, mnunuzi wa korosho, alinipeleka kwenye kituo chenyewe cha helikopta. Nilitarajia makubwa, nikakuta uwanja mgumu na wanawake wanaanika makopa ya muhogo. Niliwapa shikamoo.

"Hapa ndipo zilipotua," alisema Bwana Rajabu. "Ila vumbi lake! Rubani haoni chini. Wanajeshi wakaja kuomba msaada kijijini, na kila asubuhi wanawake wakamwaga maji hapa kwa zamu, mpaka vita vikaisha."

"Na aliyemwokoa kaka yangu ni nani?"

"Dada, wote walibeba maji. Kwani nyie kabila gani?"

"Wangoni."

Laiti ningenyamaza! Mama mmoja aliruka akanipokonya jogoo.

"Mtani! Babu zako walitupora, leo tunajilipa!"

Kwa utani wetu na Wayao, kilichochukuliwa hakidaiwi. Wenzake walipiga vigelegele. Nikapaza sauti kwamba jogoo ni wa mwanamke aliyemwokoa Benno, fundi aliyeanguka kwa malaria.

Yule mama akaacha kucheka.

"Benno yule mrefu? Alipona?"

"Alipona, mama. Anasubiri akuone ndipo aoe."

Akakaa chini palepale akimshukuru Mungu. Jina lake Bi Asumini. Siku ile helikopta ilikuwa inataka kuruka, alinisimulia, maji yalikuwa hayajamwagwa bado, na kwa vumbi lile hakuna askari aliyemwona Benno ameanguka pembeni. Akatua ndoo, akambeba mgongoni, akainama chini ya mapanga yanayozunguka, akamsukumia ndani. Ikapaa. Tangu hapo hakuna aliyerudi kumwambia kama mgonjwa alifika hai. Nililia kwa furaha, wala sioni aibu kusema.

Safari ya kurudi tuliketi wawili juu ya magunia ya korosho, naye akinitania mpaka mbavu zikaniuma. Nilikuwa nimejifunza kwamba helikopta zile, pamoja na kelele zake zote, zilitua salama kwa ndoo za wanawake.

Msamala, mama alikuwa amepanga maneno ya shukrani kwa miaka. Alipomwona mgeni mlangoni aliyaacha yote, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanao mzito, dada," Bi Asumini alimwambia. "Ulikuwa unamlisha nini?"