Barafu za Karani

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anafanya kazi kwenye duka la juisi, na kazi yake ni kumenya. Anamenya nanasi, papai, embe na tikiti tangu duka linafunguliwa mpaka linafungwa. Vidole vyake vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa, na kucha za mkono wa kulia zina umanjano usiotoka kwa sabuni wala kwa limau. Watoto wa hapa uani wanamwita Mama Juisi. Chumba chake kimepakana na chetu, na friji tunatumia moja, ile iliyoko jikoni, ambayo mlango wake haufungi mpaka uupige goti.

Nyumba yetu ni ya vyumba vya kupanga, vimepangana kuuzunguka ua wa saruji, na geti ni moja. Mlinzi wa geti tunamwita Afande. Hajawahi kuwa askari hata siku moja. Jina limetokana na filimbi yake, ambayo huipuliza hata mtu akipitisha godoro. Mke wake alishafariki, watoto wako mbali, na kwenye kile kibanda chake anaishi na mbwa anayeitwa Karani. Karani naye amepata jina kwa tabia. Kila anayeingia lazima amkague: viatu, mfuko, kisha viatu tena, ndipo asogee pembeni. Mgeni akilalamika, Afande humwambia, "Vumilia, bado hajakugongea muhuri."

Nje ya geti, ukutani, anakaa fundi viatu. Huyo ni Gundi, na ukipita karibu naye pua itakueleza kwa nini. Yeye na Karani hawakuwa wakipatana tangu siku Karani alipoondoka na kiatu cha mteja, kiatu cha kike cha kisigino, akakirudisha kisigino kimebaki nusu. Siku hiyo Gundi alisimama katikati ya geti akasema kila mtu asikie, "Mbwa huyu iko siku nitamtilia kitu kwenye chakula, halafu mtanitafuta!" Tulicheka. Afande mwenyewe alicheka, akamlipia mteja kiatu.

Barafu zilianza wakati wa joto kali. Karani alikuwa amelala karibu na bomba, tumbo limegandamana na saruji, ulimi nje. Wifi alikuwa anatafuna kipande cha papai alichokuwa amekigandisha, kikamponyoka. Karani alikilamba, akakisukuma kwa pua, akakilamba tena, kisha akaja kuketi mbele ya wifi kama mtu aliyeletewa barua ya kazi. Basi, kuanzia hapo wifi akawa hana amani asipomtengenezea.

Alivyokuwa akizitengeneza nimemwona mara nyingi, kwa hiyo nitaeleza. Pale dukani ana kindoo chake cha plastiki chenye mfuniko, ambamo huweka masalia mazuri: ncha za papai, tikiti la karibu na ganda, embe lililobaki kwenye kokwa. Akifika nyumbani anaosha upya, anatoa mbegu kwa ncha ya kisu, anaponda kwa uma, anatia maji kidogo, sukari hatii hata chembe, halafu anamimina kwenye trei ya kijani. Trei nyeupe ni yetu, ya kijani ni ya Karani, na ole wako uzichanganye. Kuna mteja wao mmoja anayefuga mbwa ndiye aliyemfundisha kipi kinafaa na kipi hakifai. Wifi aliyaleta mafunzo hayo nyumbani, akanisomea huku ananinyooshea kisu.

"Mbegu hapana. Vitunguu hapana. Na zabibu, wifi, zabibu hata moja. Zinaua figo."

"Mimi unaniambia wa nini? Mimi ni mbwa?"

"Nakwambia ili tuwe wawili tunaojua."

Mume wangu alikuwa akimtania sana. "Mimi ndugu yako wa damu, tumenyonya ziwa moja, sijawahi kuletewa barafu mlangoni."

"Wewe umewahi kunitikisia mkia?" wifi akamjibu.

Sasa ilitokea siku moja wifi hakwenda kazini, jino lilikuwa linamsumbua. Kesho yake mwenzake wa dukani alimkabidhi kile kindoo kikiwa kimejaa. Tena hakikuwa na vipande kama kawaida. Kilijaa uji mzito wa zambarau. Yule mwenzake alitaka kumfanyia wema. "Nimekusagia kabisa, dada, usihangaike na uma. Bitiruti, nanasi, na vilivyobaki vyote."

Jioni ile nilikuwa jikoni nasuuza sahani. Wifi alifungua mfuniko, akachovya kidole, akaonja. Akasimama. Akachovya tena, akaonja tena, macho ameyakazia ukuta.

"Vipi, imechacha?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Tamu."

Akaendelea kusimama, kindoo mkono huu, trei mkono huu. Shavu lilikuwa bado limevimba na alionekana kuchoka. Kisha akamimina, akaifuta trei pembeni kwa kitambaa, akaupiga goti mlango wa friji. Sikulitilia maanani.

Kesho yake alipotoka kazini alimpa Karani barafu zake kama siku zote. Zilikuwa na rangi nzuri kweli. Karani alikula, akalamba bakuli, akalisukuma kwa ulimi mpaka likagonga ukuta.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa naanika nguo. Nikamwona wifi karibu na geti na ndoo ya maji, anamwaga na kusugua sakafu kwa ufagio wa chelewa. Zamu ya usafi haikuwa yake. Afande alikuwa ametoka kununua mkate. Maji yaliyoteremka kwenye mfereji yalikuwa na wekundu fulani, kama mtu ameoshea bitiruti. Karani alikuwa amejilaza nyuma ya kibanda, na nilipopita na beseni langu hakuja kunikagua.

Jua lilipoanza kupanda ua wote ulikuwa getini. Afande amepiga magoti, kichwa cha Karani kiko kwenye mapaja yake, na filimbi inaning'inia shingoni inamgongagonga mbwa sikioni bila yeye kuona. Daktari wa mifugo alikuwa amefika na pikipiki na sanduku lake. Akamfunua Karani midomo, akambonyeza tumbo, akamshika ngozi ya shingo akaiachia.

"Amekula nini?"

"Chakula chake cha kila siku," Afande akasema. "Wali na vichwa vya samaki. Daktari, huyu hajawahi kuumwa, hata mafua."

"Muulizeni Gundi!" sauti ikatoka nyuma. "Si alisema atamtilia kitu?"

Hapo kila mtu akakumbuka. Mama mwenye nyumba, ambaye huja mara chache na akija huja kwa shari, akaamuru sanduku la Gundi lifunguliwe. Ndani kulikuwa na nyundo, misumari, nyuzi, makopo ya gundi, na pakiti ya sumu ya panya iliyokwisha funguliwa.

"Panya wanakula ngozi zangu!" Gundi akapaza sauti. "Kila fundi viatu anayo hii! Ningetaka kumuua huyu mbwa ningemuua siku ile ya kile kiatu, si leo hasira zimeshapoa!"

Utetezi huo haukumsaidia.

"Kusanya vitu vyako," mama mwenye nyumba akamwambia. "Nisikukute kwenye ukuta wangu."

Daktari alikuwa ameshashika kichupa. "Kama ni sumu ya panya, sindano yake ninayo. Kama si hiyo, nitakuwa nampotezea muda, na muda hana. Alitapika?"

"Nadhani alitapika," Afande akasema. "Palikuwa na harufu. Lakini niliporudi nilikuta pameshaoshwa."

"Nani kaosha?"

Watu wakatazamana, halafu wote wakamtazama Gundi, kwa sababu ndiye aliyekuwa hapo tangu asubuhi. Gundi alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, mikono katikati ya magoti.

Wifi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, ameshavaa aproni ya kazini. Nikamtazama. Akageuka, akaingia ndani. Nikamfuata.

Mlango wa friji ulikuwa wazi na yeye ameishika trei ya kijani, imebaki nusu.

"Wifi," nikamwita.

"Nilijua," akasema bila kugeuka. "Nilionja mara ya kwanza nikajua. Nikaonja mara ya pili ili nisijue."

Nikaupiga goti mlango wa friji.

"Nikajiambia ni kidogo tu. Nikajiambia mbwa anakula hadi jalalani, zabibu kidogo zitamfanya nini? Nilikuwa nimechoka, wifi. Nilitaka kumaliza nikalale."

Huku nje tulisikia misumari ikimwagwa kwenye kopo. Gundi alikuwa anakusanya.

"Wanamfukuza," wifi akasema.

"Wanamfukuza."

"Na yule anadungwa sindano isiyo yake."

Akatoka. Alipita katikati ya watu bila kumwomba mtu njia, akaiweka trei chini mbele ya daktari.

"Alikula hizi," akasema. "Jana jioni. Zina zabibu. Nimezitengeneza mimi. Na asubuhi nimeosha mimi."

Daktari akachukua kipande, akakinusa, akakitupa. Hakumkaripia. Alikuwa ameshageukia sanduku lake. "Ungeniambia nilipofika tu," akasema, basi, akaanza kutoa mipira ya dripu. "Nahitaji mahali pa kutundika."

Pale ukutani mahali pamoja tu palikuwa na msumari imara, msumari ambao Gundi hutundikia viatu vilivyokwisha tengenezwa. Gundi aliinuka, akaviondoa viatu, akampokea daktari ule mfuko wa maji, akautundika mwenyewe. Mama mwenye nyumba akakumbuka kwamba ana shughuli mahali, akaondoka.

"Mwangalieni mkojo," daktari akasema. "Akikojoa vizuri, figo zinafanya kazi. Asipokojoa, nipigieni simu."

Wifi hakwenda kazini. Aligeuza ndoo akaikalia pembeni ya Karani, akamshikilia mguu wenye sindano ili asiukunje. Afande alikaa upande wa pili. Mara moja tu Afande alisema, "Ulikuwa unampenda lakini," na wifi akainamisha kichwa kana kwamba ametukanwa. Watu walipita wakienda na kurudi, na kila aliyepita aliuliza swali moja: "Amekojoa?" Hata mume wangu, mtu asiyejali wanyama, alipiga simu kutoka kazini kuuliza kama Karani amekojoa.

Siku hiyo hakukojoa. Daktari alirudi, akaongeza dripu, akatikisa kichwa, akasema tusubiri. Wifi hakula. Nilimpelekea chai ikapoa mikononi mwake.

Kesho yake Gundi alikuja asubuhi kama kawaida, akaweka sanduku lake mahali pake pa zamani. Alikuwa hajaketi bado. Karani akajiinua, miguu inayumba, mpira wa dripu unamburuta, akasogea mpaka kwenye lile sanduku, akainua mguu. Alikojoa muda mrefu.

Gundi alisubiri mpaka akamaliza. "Kwa hiyo," akasema, "sumu yangu, na choo changu."

Ua mzima uliangua kicheko. Afande alicheka huku machozi yanamtoka, akapuliza filimbi. Wifi peke yake hakucheka. Alichukua kitambaa, akapiga magoti, akaanza kulifuta lile sanduku.

"Nilikuacha usemwe," akamwambia Gundi, anafuta.

"Uliniacha, ndiyo."

"Ulikuwa muda mfupi tu, nilikuwa najikusanya…"

"Dada, wewe ulikuwa umesimama jikoni. Pale nilipokuwa nimekaa mimi, haukuwa mfupi." Akauchukua ule mkono wenye kitambaa, akausogeza taratibu kutoka kwenye sanduku lake. "Acha. Nitafuta mwenyewe."

Hajawahi kumwambia amemsamehe. Salamu anaitikia. Siku ndala za wifi zilipokatika, alizishona vizuri kabisa, akampa bila kumtazama.

Karani amepona, ila anakunywa maji mengi kuliko zamani, na daktari amesema ndivyo atakavyokuwa. Wifi aliiosha ile trei ya kijani akaifungia kabatini. Alidhani mambo yameishia hapo. Lakini Karani alikuwa hajaambiwa. Kila jioni, wifi akitoka kazini, Karani alikuja akaketi mbele ya mlango wake, amenyoosha shingo, anasubiri. Wifi akawa anaingilia mlango wa jikoni kama mwizi.

Mwisho Afande alikuja mwenyewe, ameshika lile bakuli tupu.

"Mama Juisi, huyu mimi simwezi. Mpe haki yake."

"Afande, siwezi. Mkono wangu huu…"

"Mkono anaoutaka ndio huo. Nimempa barafu ya maji mimi, amenitazama kama nimemdhulumu."

Basi ameanza tena. Siku hizi kindoo hakuna. Ananunua papai zima sokoni, analimenya hapa mbele yangu, anaponda kwa uma. Kabla ya kumimina anaonja kwa ncha ya kidole, anasimama, ananitazama.

"Onja na wewe, wifi."

Naonja. Namwambia ni papai. Ni papai tu, limetoka kwenye ganda lake sote tunaona.

Kuna siku anakubali. Kuna siku, kama leo, anaonja, anasimama akiukazia macho ukuta, kisha anatoka na bakuli zima, papai zuri lililoiva, analimwaga kwenye mfereji. Karani anakuja, anaitazama rangi ile ya machungwa ikiteremka na maji, anamtazama wifi. Halafu anaketi, kwa sababu anajua sasa ataanza kumenya lingine.